Nauli ya Dar Sitoi

Mdogo wangu ana miaka 19, ana madaftari matatu yaliyojaa mistari, na tangu bumu liingie ananipigia simu kila jioni. Zamani alikuwa anabipu tu. Anachotaka ni nauli ya basi kutoka stendi ya Nyegezi hadi Dar, na hela ya kula wiki mbili tatu "mpaka mambo yakae sawa". Mambo yatakaaje sawa, kwa nani, mtaa gani, hajui. Ila ana uhakika na jambo moja: andagraundi akibaki Mwanza atazeekea Mwanza.

"Dada, wewe si ndo msomi," aliniambia juzi. "Nitajie mmoja aliyetoboa akiwa hukuhuku."

Nikanyamaza. Halafu nikamwambia salio linaniishia, wakati aliyepiga ni yeye.

Tangu siku hiyo swali lake halijaniacha, na nimeona nilijibu hapa kwenye jarida letu, kwa sababu najua si lake peke yake. Kwenye kila korido ya hosteli kuna mtu anachana. Yupo anayesoma uhasibu mchana, usiku anarekodi ndani ya kabati la nguo ili sauti isirudi. Yupo wa mwaka wa kwanza aliyekula sapu tatu kwa sababu ya studio. Ukiwauliza mpango wao, wengi watakwambia wanamaliza digrii kumridhisha mzee, halafu Dar.

Kwanza nimpe haki yake. Dogo hajakosea kuitazama historia. Fid Q ni wa kwetu, kazaliwa Mwanza mwaka 1980, na hilo jina la Ngosha ni Kisukuma kitupu, yaani mwanamume. Hakuna anayechana kwa Kiswahili leo asiye na deni kwake. Albamu yake ya Propaganda ilitoka 2009 na mpaka leo washkaji wanabishania mistari yake kama wanavyobishania Simba na Yanga. Lakini jina lake lilikuzwa Dar. Young Killer Msodoki, mtoto mwingine wa Mwanza, njia yake ni hiyohiyo. Studio kubwa, ofisi za redio na televisheni nyingi, mapromota, BASATA yenyewe, vyote viko kule, zaidi ya kilometa 1,100 kutoka hapa. Sawa, Radio Free Africa inarusha matangazo kutoka Mwanza na inasikika mbali sana, lakini redio moja haibebi mji mzima. Ukiona samaki wote wanaelekea upande mmoja, una haki ya kudhani chakula kiko huko.

Kinachonikera kwenye hesabu hiyo ni kwamba tunawahesabu waliofika tu. Waliopanda basi lilelile wakaishia kuuza vocha Mbagala au kulinda geti Mbezi hatuwahesabu, kwa sababu hawana video. Kwetu Igoma namjua mmoja. Alirudi baada ya miaka miwili na begi lilelile aliloondoka nalo. Sasa anaendesha bodaboda, na ukimwomba hata mstari mmoja anacheka tu, anawasha pikipiki. Sisemi bodaboda ni aibu. Nasema alikuwa mkali kuliko mdogo wangu, na mdogo wangu analijua hilo.

Sasa, mdogo wangu huyuhuyu ndiye aliyeniingiza kwenye graimu. Ni muziki wa kuchana uliozaliwa mashariki mwa London mwanzoni mwa miaka ya 2000, hasa eneo la Bow, kwenye maghorofa ya serikali wanakokaa watu wa kipato kidogo, wengi wao familia zilizohamia kutoka Karibiani na Afrika. Mapigo 140 kwa dakika, besi nzito, na emsii anachana kana kwamba anafukuzwa. (Hapa kwetu ukisema MC mtu anamfikiria mshereheshaji wa harusi na suti ya kung'aa. Ninayemsema ni huyu mwingine.) Redio kubwa hazikuwapa nafasi, basi wakajirusha wenyewe kwenye redio za kificho zisizo na leseni, antena imefungwa juu ya paa la ghorofa, vijana wanapokezana maiki kwenye chumba kisichotosha watu sita. Rinse FM ilianza hivyo. Mtaa wa pili ukisikia umechimbwa, wiki inayofuata unajibu. Mwaka 2003 Dizzee Rascal, kijana wa Bow mwenye miaka 18, akatoa Boy in da Corner na kubeba tuzo ya Mercury. Skepta akaibeba mwaka 2016. Mwaka 2019 Stormzy, ambaye mama yake ni Mghana, akawa msanii mkuu kwenye jukwaa la Glastonbury.

Mimi kama mwanafunzi wa elimu nilikwama kwenye kitu kimoja cha huyo Dizzee. Shuleni alikuwa mtukutu, akatolewa kwenye vipindi karibu vyote isipokuwa muziki. Mwalimu wake wa muziki akamwachia kompyuta ya shule atengenezee biti. Hakumpa nauli wala hakumtafutia promota. Alimwachia kompyuta.

Na hatuna haja ya kwenda mpaka London. Singeli ndiyo graimu yetu. Ilikulia kwenye vigodoro vya uswahilini, Manzese, Tandale, Mburahati, taarabu ikaongezwa kasi mpaka mapigo 200 na zaidi kwa dakika, emsii akadandia juu yake. Watu wenye heshima zao waliiita kelele za wahuni. Kina Msaga Sumu, Man Fongo na Dulla Makabila wakaipandisha kwenye redio na majukwaa makubwa. Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, nyimbo zilizopikwa kwenye studio ya Sisso pale Mburahati, na baada ya muda vijana wa uswahilini wakawa wanapanda majukwaa ya Ulaya.

Nilimweleza dogo yote haya kwa furaha kabisa, nikijua nimemshinda. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mburahati iko Dar, dada. Na Bow iko London. Umejijibu mwenyewe."

Mara ya pili kwa wiki moja nikakosa la kusema. Nimelitafakari tena na bado nadhani amekosea. Kutoka Mburahati hadi ofisi za redio kubwa ni nauli ya daladala, na kwa miaka mlango haukufunguka. Ukaribu na redio haukuwasaidia chochote. Kilichowasaidia ni ukaribu wao kwa wao: watu wa mtaa wanaokuja kila wikiendi, mpinzani anayekaa uchochoro wa pili, prodyuza unayeweza kumgongea saa sita usiku na asikufukuze. Andagraundi wa Mwanza akihamia Dar anaviacha vyote hivyo na kwenda kupanga foleni ya wageni. Hana mtaa wa kumshangilia. Hana hata wa kumtukana.

Sisi je, tunavyo? Tunavyo tangu kabla ya umeme. Babu yetu wa Kisesa alikuwa Mgalu. Kwa wasiotoka Usukumani: ngoma zetu zina makundi mawili, Wagika na Wagalu, yaliyoanza karne ya 19 chini ya waasisi wao, Ngika na Gumha, waliokuwa mafundi wa ngoma na wa dawa. Makundi haya hushindana. Nenda Bujora mwezi wa sita kwenye Bulabo ujionee. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, kila kimoja na ngoma zake, na anayeshinda ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi upande wake. Watu wanapiga kura kwa miguu. Wapo wanaocheza na majembe, wapo wanaocheza na chatu, na manju, ambaye kwa Kisukuma ni ningi, anatunga mwaka mzima kwa ajili ya siku hizo. Anajisifu, anamchimba mpinzani, anawasema wakubwa kwa mafumbo. Niambieni huo si mpambano wa maemsii.

Babu aliwahi kutuambia kwamba Wagika wa kijiji cha pili ndio waliomfanya awe manju. Alikuwa halali, anawaza atawajibu nini. Mdogo wangu alikuwepo siku hiyo, anachezea simu.

Tena jiji letu halijakosa hata wimbo mkubwa. Mwaka 2018 Rayvanny na Diamond Platnumz walitoa wimbo unaoitwa Mwanza, BASATA ikaufungia mwezi Novemba kwa sababu ya kulichezea neno Nyegezi. Desemba wakaupiga jukwaani hapahapa Mwanza, wakafungiwa wao wenyewe kufanya shoo mpaka baadaye walipoachiwa. Mwaka huohuo ng'ambo ya ziwa, waziri wa maadili wa Uganda alipiga marufuku tamasha la Nyege Nyege la Jinja, kisha akalegeza. Kwa Kiganda jina hilo ni ile hamu ya kucheza isiyozuilika, kwa Kiswahili mnajua wenyewe. Ziwa moja, karibu neno moja, na wakubwa wa pande zote mbili wamekasirika. Lakini angalieni wenye wimbo: mmoja wa Mbeya, mwingine wa Tandale. Mchango wa Mwanza ulikuwa jina la stendi.

Hapo ndipo nataka tujitazame sisi wasomi, maana ni rahisi kuilaumu Dar.

Niliwahi kuwa kwenye kamati ya tamasha moja la wanafunzi. Sitaji chuo wala mwaka. Msanii wa Dar alilipiwa ndege, hoteli yenye upepo wa ziwa, na wapambe wanne. Aliimba juu ya sidii yake mwenyewe kwa dakika ishirini na kitu, akauliza "Mwanza mpooo?" mara kumi na moja, nilihesabu, akaondoka. Waliomtangulia walikuwa maandagraundi sita wa hapa mjini, wawili wao wanafunzi. Walipangiwa dakika tano tano, saa kumi jioni, jua linachoma na watu bado wanapiga pasi hosteli. Malipo yao yalikuwa soda, maji na maneno "hii ni promo kwako". Mmoja aliomba nauli ya boda arudi Buhongwa. Akaambiwa fungu la usafiri limekwisha. Alitembea.

Aliyeandika mstari wa "vinywaji, wasanii chipukizi" kwenye daftari la matumizi ni mimi. Nilikuwa na mwandiko mzuri, ndo maana walinipa hiyo kazi. Sikusema kitu. Lile fungu la usafiri lilikuwa limekwisha kwa sababu wapambe wanne walihitaji gari mbili.

Sasa mtu wa namna hiyo, akiambiwa na dada yake abaki nyumbani ajenge muziki wa Mwanza, atamsikiliza kwa sikio gani?

Hesabu yenyewe si ngumu. Tukiweka usiku mmoja kwa mwezi, kiingilio buku, wakaja watu 150 tu kati ya maelfu tuliopo, hiyo ni laki na nusu. Wagawiwe wachanaji sita, kila mmoja anaondoka na elfu ishirini na tano. Ni ndogo, najua. Lakini ni zaidi ya soda, na kwenye studio nyingi za mtaani inapunguza deni. Zaidi ya hapo kila mwezi andagraundi anajua kuna umati unamsubiri na kuna mpinzani anayejinoa. Tukiona elfu moja ni nyingi, tukumbuke bumu ni elfu kumi kwa siku na kuna watu wanaikata yote kwenye bando.

Mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa kidato cha tatu, Kiswahili, mada ya ushairi. Mizani, vina, kituo, kibwagizo. Kuna vina vya kati na vina vya mwisho, andikeni. Darasa likalala. Nilikuwa nimeandaa zana zangu kwenye manila na kalamu za rangi tatu, hazikusaidia kitu. Nikakumbuka, nikawaambia kuna mtu wa Mwanza aliyeipa albamu yake jina la Vina Mwanzo Kati na Mwisho. Vitabu vinataka viwili, yeye kaongeza cha mwanzo. Ni nani? Mikono ikanyooka darasa zima.

Nyuma kabisa kulikuwa na mvulana ambaye kwa wiki tatu sikuwahi kuisikia sauti yake. Akaanza kugonga dawati, mwenzake akaichukua ile midundo, na yeye akasimama akachana. Mistari minane, kuhusu dagaa wa mama yake waliolowa mvua vichanjani. Nikachukua chaki, nikamwomba arudie polepole, tukahesabu mizani ubaoni wote kwa pamoja. Nane kwa nane, kumi na sita. Mistari sita kati ya minane ilitimia bila yeye kujua kwamba kuna kitu kinaitwa mizani. Kwa miaka mitatu ya chuo sijawahi kuwa na kipindi kama kile.

Mlango ukafunguliwa. Mwalimu wa zamu, fimbo mkononi, anauliza kelele ni za nini. Nikasema ni somo, ni ushairi, mwalimu. Akatazama ubao, akamtazama yule kijana aliyekuwa bado amesimama, akasema, "Mwenye bongo fleva zake akasubiri ofisini." Mimi ni mwanafunzi wa mazoezi, alama zangu ziko mikononi mwa watu. Nikasema ndiyo mwalimu. Kijana akatoka. Wiki zilizobaki sikumsikia tena.

Nikitazama nyuma, pale kulikuwa na mtu wa kumwachia mtoto kompyuta, na mtu huyo nilikuwa mimi, na nikasema ndiyo mwalimu.

Kwa hiyo ninapomnyima mdogo wangu nauli sitaki ajione kama yule kijana, kwamba dada naye kamfungia mlango. Nimempa nilichonacho kwa namna nyingine. Tumekaa tukapitia simu yake: nyimbo kumi na nne, hakuna hata moja aliyoiandikisha COSOTA, biti kazinunua kwa mdomo, hana karatasi hata moja inayosema nani ana haki gani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, yeye kazaliwa ameikuta. Nikamwambia hela ile ile ya nauli itoe nyimbo mbili kwenye studio nzuri ya hapahapa, ziandikishwe, apatane na prodyuza kwa maandishi, kisha tuzungumze habari za kusafiri. Nikamwonyesha na ramani. Ukitokea hapa Jinja ni ng'ambo tu ya ziwa, na waliowafungulia vijana wa singeli njia ya Ulaya walikuwa watu wa lebo ya Kampala, wala si watu wa Dar.

Alikasirika. Siku nne hakupiga. Mama, ambaye anauza dagaa Mwaloni na hana muda na mijadala yetu, alisema nimpe tu hiyo nauli, maisha yakamfunze, atarudi. Nikamuuliza, asiporudi? Mama akaendelea kupima dagaa.

Siku ya tano dogo akabipu, kama zamani. Nilipompigia aliuliza swali moja tu: hao wa Mabatini wanaojifanya wakali, ni kweli wanasema Igoma hakuna mchanaji?

Sijui nani kamfikishia. Jumamosi saa kumi na mbili jioni, uani kwa kinyozi mmoja pale Igoma, Igoma watasimama upande wa ukuta na Mabatini upande wa mwembe, kama Wagika na Wagalu, na watu mtatembea kuelekea mnayemwona mkali. Spika nimeazima kanisani, kwa hiyo tafadhali matusi yawe ya mafumbo. Kiingilio ni buku, na safari hii daftari la mapato nashika mimi tena.